Taa za Kwenda Kumchukua Njeru

Nilirudi nyumbani Kaaga, hapa Meru, jana mchana, na kabla sijavua viatu mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa langoni akitaka kujua kama ni kweli nimeendesha gari gizani. Wengine wawili walipiga simu kabla ya chakula cha jioni. Badala ya kurudia habari hii mara tano, kila mara nikiacha kipande, nimeketi niiandike yote. Anayetaka jibu fupi ni hili: Njeru yu mzima, chuma kimetolewa mguuni, na mimi pia niko salama. Mwenye nafasi asome.

Wengi wenu mnajua ilivyoanza, ila si yote. Miaka miwili iliyopita nilikwenda Kianjokoma, upande wa Embu, kumzika rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu. Nilichelewa kuondoka. Jioni, kwenye kona iliyozungukwa na mashamba ya majani chai, ukungu ulishuka, nami nikamgonga mwanamume aliyekuwa akitembea kando ya barabara na mzigo wa nyasi ya ng'ombe begani. Huyo ndiye Njeru. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, amelazwa nyuma ya pikapu, mkewe Mukami amemshika kichwa. Paja lilikuwa limevunjika mahali pawili. Madaktari waliliunga kwa chuma.

Kila aliyeniuliza nilimwambia ni ukungu. Ukungu ulikuwepo, ni kweli. Lakini taa za pikapu ile zilikuwa hafifu tangu mume wangu akiwa hai. Aliniambia si mara moja kwamba tuzishughulikie, na baada ya yeye kufa nikawa naahirisha kila muhula: nitazitengeneza shule zikifungwa, nitazitengeneza shule zikifunguliwa. Hilo sikumwambia mtu yeyote. Hata Njeru sikumwambia, ingawa nilimtembelea hospitali kila Jumamosi kwa miezi mitatu, nikipanda basi. Tangu ajali ile sikuendesha gari tena kupita saa kumi jioni. Nyinyi mlidhani ni macho ya uzee.

Sasa Mukami akanipigia simu. Njeru amepewa siku ya kutolewa chuma, Jumatatu, na anatakiwa awe Embu mjini kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua imeharibu njia ya kutoka kwao. Magari madogo yanakwama. Pikapu yangu inavuta kwa magurudumu yote manne. Aliuliza kwa upole, akasema nikishindwa wataelewa. Nilimwambia nitakuja. Nilipokata simu nilitamani kumpigia tena nikatae, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri, msimu wa mvua, barabara ileile. Nikasema sitaifanya safari hiyo na taa zile.

Kaaga hadi Timau

Niliambiwa kuna fundi anaitwa Mwenda, anatengeneza mitambo ya mashamba ya ngano kule Timau, na huwa anahifadhi taa nzuri za magari yaliyokufa. Nilizungumza naye kwa simu Jumatano, akasema ananiwekea. Alhamisi asubuhi nikapanda huko na sweta mbili.

Baada ya Subuiga baridi iliingia garini hata madirisha yakiwa yamefungwa. Ngano ilikuwa imevunwa upande mmoja wa barabara na upande wa pili bado. Nilifika lango la shamba saa tatu, nikaambiwa Mwenda ameenda kutengeneza mashine iliyoharibika shambani mbali, atarudi baada ya nusu saa. Alirudi saa saba kasoro.

Karibu na lango kuna kibanda cha mama mmoja anayewapikia wafanyakazi wa mashamba ya maua. Aliniona nikipiga miguu chini kwa baridi akanivuta karibu na jiko, akaniwekea githeri, mahindi na maharagwe, yenye kabeji na chai ya moto sana. Wanawake waliotoka zamu waliketi nami, gambuti zao, viatu virefu vya mpira, zimejaa udongo, wakataka kujua mama wa umri wangu anatafuta taa kali za nini. Mmoja aliuliza kama naanza biashara ya kusafirisha miraa usiku. Nilicheka nao. Sikuwaambia ninakokwenda.

Mwenda alipokuja alikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Alinitolea taa mbili kubwa kama sufuria, akiwa anajivunia. Nilitoa kijitabu changu. Nilikuwa nimeandika kila kitu kilichokuwa kwenye kibandiko cha betri, kwa kuwa sikujua kipi kina maana na kipi hakina, nikamsomea: volti kumi na mbili. Akasimama akinitazama. Kumbe kwa simu nilisema ni gari la kazi, naye akaelewa ni lori. Zile zilikuwa taa za lori, za volti ishirini na nne.

"Hizi kwa gari yako zitawaka kama mshumaa, Mwalimu," alisema. "Ningekupa, ungenilaani."

Kulikuwa na pikapu nyingine nyuma ya stoo, ya aina kama yangu, iliyopinduka shambani na haikuinuka tena. Taa zake zilikuwa nzima, lakini skrubu zilikuwa zimeshikwa na kutu. Mwenda alizimwagia mafuta, akagonga, akangoja, akagonga tena. Mimi nilishika spana upande wa pili nikifuata anavyoniambia. Tulitoa taa mbili za mbele, kisha zile mbili za ziada zilizofungwa juu ya bampa, ambazo madereva wa huko huzitumia kuona mbali wanyama wanapokatiza. Nilimuuliza kama hizo zinafaa kwenye ukungu.

"Hapa ukungu ukija tunasimama," alisema. "Tunangoja."

Nilidhani anatania, nikacheka. Ilikuwa imeshapita saa tisa na nusu. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili nilivuka saa kumi nikiwa kwenye usukani, nikateremka hadi Meru na jua likinipiga ubavuni, nikajiambia mwanzo ni huo.

Siku nzima ndani ya gereji, Meru mjini

Huu si mwendo kwa sababu gari halikusogea, lakini ni sehemu ya safari.

Bwana Yusuf ni fundi wa umeme wa magari, duka lake liko nyuma ya soko. Babu yake alikuja Meru na punda wa kubeba bidhaa, na yeye anaongea Kimeru kunishinda. Ijumaa asubuhi nilimpa taa nikiamini atazifunga kwa saa moja, nami adhuhuri niwe nimefika mbali.

Hakuzigusa zile taa. Aliwasha zile za zamani, akatoa kifaa chake cha kupimia umeme, akaweka nyaya zake kwenye betri, kisha nyuma ya taa. Akaniita nisome mwenyewe. Kwenye betri ilikuwa kumi na mbili na ushei. Kwenye taa haikufika kumi.

"Umeona?" alisema. "Taa zako hazikuwa mbovu, Mwalimu. Zilikuwa na njaa."

Alinionyesha. Nyaya nyembamba zilizochoka, viungio vyenye kutu, na ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari umeliwa hadi umebaki nyuzi chache. Umeme ulikuwa unapotelea njiani. Alisema hata bila taa mpya, nyaya nzuri pekee zingerudisha mwanga. Kazi ya nusu siku.

Nilitoka nje nikaketi juu ya gurudumu lililolazwa. Nusu siku. Nilikuwa nimejizoesha kufikiri kwamba taa zile zilihitaji safari ya Nairobi, likizo nzima, mambo makubwa. Bwana Yusuf alikuja na kikombe cha chai akidhani nimepatwa na kizunguzungu. Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu Njeru, kuhusu mume wangu na maneno yake, kuhusu mihula niliyoahirisha. Alikuwa mtu wa kwanza kusikia. Hakunipa pole wala hakunihukumu. Nilipomaliza chai akasema tuanze na ule waya wa kwenye bodi, kwa sababu usipokuwa mzuri vingine vyote ni bure.

Basi akaanza. Aling'oa nyaya zote za mbele. Aliweka nyingine nene, akafunga tepe kila kiungio, akaweka fyuzi, kisha akaweka relei mbili. Nilitaka kuelewa relei ni nini, akanieleza, nami nikaipata kwa njia ya darasani: swichi ya dereva ni kama mwalimu anayetuma ujumbe tu, na relei ni kiranja anayebeba madawati. Umeme mzito haupiti tena kwenye swichi ndogo. Zile taa mbili za mbali, za juu ya bampa, akaziwekea swichi ya peke yake, niweze kuzizima bila kugusa nyingine.

Saa sita na nusu alifunga kwenda kuswali Ijumaa. Nilibaki na gari lililotobolewa uso, nyaya zinaning'inia. Mkewe alileta pilau kwenye sahani iliyofunikwa, na ilikuwa kwa ajili yangu. Alikuwa amesikia kuna mgeni. Bwana Yusuf aliporudi tuliendelea mpaka saa kumi na moja. Akawasha. Ilikuwa bado mchana lakini ukuta wa upande wa pili ulipata weupe.

Akaniambia nirudi baada ya Magharibi, giza likiingia, tuzipime kwenye ukuta tuzielekeze. Nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, nikasema nitazipima mbele ya safari. Akarudia. Nikasema ndiyo, Bwana Yusuf, nimesikia. Nilimjibu kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakinijibu kengele ikiwa imeshalia.

Meru hadi Chuka

Jumamosi niliondoka saa nane, baada ya kushughulikia mambo ya nyumbani. Mvua ilinikuta nikiteremka Nkubu. Barabara ya kwenda Chuka mnaijua, ni kona na mito, kuteremka na kupanda. Kufika Chogoria ilikuwa kama saa kumi na moja, lakini mawingu yalikuwa yamelala juu ya miti na ilionekana kama jua limeshazama. Nikawasha taa.

Siwezi kuwaeleza furaha ile. Niliona mstari mweupe pembeni, niliona matope kabla sijayafikia, niliona matone ya mvua moja moja. Nikawasha na zile za mbali. Kona nzima ikajaa mwanga. Nilijisikia mtu ambaye amelipa kosa lake.

Kwenye kona iliyofuata pikipiki ilikuwa inapanda, imebeba mikungu ya ndizi pande zote mbili. Nilizima zile za mbali haraka nikarudisha dimu, ule mwanga wa karibu, lakini zile za mbele zenyewe zilikuwa zinatazama juu. Nilimwona dereva akiinua mkono kufunika macho. Kisha pikipiki ikayumba ikaingia mtaroni.

Nilisimama. Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nikikimbia kwenye mvua nikiwa na kiatu kimoja. Alikuwa ameketi ndani ya mtaro juu ya ndizi zake, mwanamume wa miaka hamsini hivi, koti la mvua limechanika kwenye kiwiko, damu kidogo mkononi. Niliuliza ameumia wapi. Alisogeza miguu, mmoja kisha wa pili, kama anayehesabu vitu vyake. Kisha akainua uso.

"Mama, wewe unaona," alisema. "Sisi je?"

Nilikuwa nimetumia siku tatu kuhakikisha kwamba mimi ndiye nitakayeona. Sikuwa nimefikiria hata mara moja mtu anayekuja upande ule mwingine.

Jina lake ni Mutegi. Hununua ndizi Igoji na kuziuza Chuka. Gurudumu la mbele la pikipiki lilikuwa limepinda. Watu wawili waliokuwa wakipita walitusaidia kuipandisha nyuma ya pikapu pamoja na ndizi. Nilitaka kumpeleka zahanati, akakataa, akafunga mkono kwa leso yangu. Niliendesha polepole nikiwa nimewasha taa ndogo tu za pembeni. Niliposema nitamlipa ndizi zake, alitikisa kichwa. Ndizi zitaliwa hata zikiwa na alama, alisema. Alichotaka ni kingine: gari lile lisiende popote kabla ya taa kuwekwa sawa, na atasimama aone kwa macho yake.

Chuka, nyuma ya ghala la mazao, kuna ukuta ambao madereva wa malori hupimia taa. Mistari ya rangi imechorwa hapo, na mingine ya makaa juu yake. Tulifika giza likiingia. Mutegi alinisimamisha mbali, akahesabu hatua, akanipa bisibisi. Hakuwa fundi, lakini ameishi barabarani miaka mingi na anajua taa inavyomuumiza mtu. Alinifundisha kupima urefu wa taa kutoka chini, kuweka alama ileile ukutani, kisha mwanga wa dimu uanguke chini ya alama. Nilikuwa ninakaza skrubu, yeye anaangalia ukuta. Kisha akaenda mwisho wa uwanja, akaketi juu ya jiwe ili macho yake yawe kimo cha mtu aliye kwenye pikipiki, akanitazama.

Akasema nishushe. Nikashusha. Akasema tena. Nadhani tulishusha mara sita. Ile ya kushoto akataka iguse ukingo wa barabara zaidi.

"Huku ndiko watu wanatembea," alisema. "Hii iangalie huku."

Nilikaza skrubu ile nikilia, naye akajifanya anaangalia kitu kingine.

Usiku huo nililala kwao. Mkewe alitupikia ndizi zile zile zilizoumia, zimepondwa na maharagwe, na watoto wao wakubwa wawili walisikiliza habari ya mtaro wakacheka sana baba yao alipowaonyesha alivyokaa. Asubuhi nilimpeleka yeye na gurudumu kwa fundi wa pikipiki, tukaagana. Alinionya tu kwamba nikifika huko juu kwenye chai, taa za mbali nizisahau.

Chuka hadi Kianjokoma

Jumapili barabara ilikuwa tulivu. Nilivuka mto Thuci, nikafika Runyenjes watu wakitoka kanisani, nikanywa chai na kula chapati mbili kwenye hoteli yenye meza moja. Mama aliyenihudumia alinisemesha Kiembu, mimi nikajibu Kimeru, kila mmoja akaelewa kiasi chake. Niliomba chai bila sukari. Nililetewa sukari bila chai, kwenye bakuli, kwa heshima.

Kutoka hapo nilianza kupanda. Saa tisa alasiri, kwenye mashamba ya kwanza ya majani chai, ukungu ulinijia kutoka mbele kana kwamba mtu amefungua mlango wa chumba chenye mvuke. Mikono yangu ikafanya jambo ambalo kichwa hakikuamua: ikawasha zile taa za mbali. Mbele yangu kukawa na ukuta mweupe. Sikuona hata bampa langu. Nikazizima. Kukawa na barabara tena, fupi, hatua ishirini hivi, na ukingo wa kushoto unaonekana wazi pale Mutegi alipouelekeza mwanga.

Hatua ishirini zinatosha kwa mtu anayekwenda kama anatembea. Lakini sikuthubutu kuendelea. Nikaegesha mbali kabisa na barabara, nikakumbuka fundi wa Timau na kusimama kwake kungoja. Hakuwa anatania hata kidogo. Nilingoja saa nzima. Wanawake wenye miavuli walipita wakitoka kanisani, mmoja akagonga dirisha kuuliza kama nimeharibikiwa. Nilisema napumzika tu. Ukungu ulipofunguka nikaendelea.

Kwa Njeru nilipokelewa vizuri kupita nilivyostahili, tena na majirani watatu. Mukami alikuwa amefagia, na mezani alikuwa ameacha nafasi katikati, kitambaa kimenyooshwa. Alitazama mikono yangu, akatazama nyuma ya gari. Ilichukua muda kuelewana. Kwa simu nilikuwa nimemwambia kwamba nitachelewa kidogo kwa sababu nashughulikia taa mpya, nije nazo Jumapili. Yeye alidhani ni taa ya nyumba, ile ya umeme wa jua, na jirani mmoja alikuwa amekuja kuona inavyofungwa. Nilimwonyesha taa zilipo, usoni mwa gari. Alicheka mpaka akashika mlango. Jirani hakucheka.

Tulipobaki watatu, na chai na nduma za kuchemsha mezani, nikasema nilichokuja kusema. Nilimwambia Njeru kwamba haukuwa ukungu peke yake. Nilimwambia kuhusu taa, kuhusu maneno ya mume wangu, kuhusu nyaya zilizoliwa, na kwamba ilikuwa kazi ya nusu siku ambayo sikuifanya kwa miaka.

Njeru aliuweka mguu wake vizuri kwenye kigoda. Ni mtu wa kuongea polepole.

"Nilijua, Mwalimu," alisema. "Nililazwa nyuma ya hiyo gari yako mpaka Embu. Nilikuwa naangalia mwanga kwenye miti. Haukuwa mwanga."

Nilimuuliza kwa nini hakusema, miaka yote miwili.

"Ulikuwa unakuja kila Jumamosi," alisema. "Ningesema ungeacha kuja."

Mukami hakuwa anajua. Aliweka kikombe chini, akainuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu. Nilisikia kuni zikivunjwa. Njeru akaniambia nimwache. Nilimwacha. Niliketi pale nikijua kwamba naweza kufukuzwa na ingekuwa haki, na kwamba hata nikifukuzwa kesho saa kumi na moja nitakuwa langoni na gari. Mukami aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, labda ni moshi. Aliniongezea nduma. Alisema kitanda changu kiko chumba cha nyuma, na saa kumi na nusu niwe nimeamka.

Kianjokoma hadi Embu

Saa kumi na nusu nilikuwa nimeshaamka kitambo. Nilifuta vioo vya taa kwa kitambaa chenye maji ya moto, nikakagua fyuzi, nikawasha dimu na kwenda kusimama mbele, kimo cha mtu anayetembea, nijionee. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa.

Tulimpandisha Njeru kwa kumshika mikono miwili. Alikaa dirishani, Mukami katikati. Niliingiza gia ya kuvuta magurudumu yote. Ile njia ya kutoka kwao ilikuwa mfereji. Gari liliteleza mara mbili, likauma, likapanda. Juu, tulipoingia lami, nilisimama kidogo nikavuta pumzi, kisha nikaenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Mukami alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Niliijua kona ile ya ajali kabla ya kuiona. Nilikuwa nimepanga moyoni kwamba nitasimama hapo, nishuke, niseme neno hata kama ni la maombi. Nilianza kupunguza mwendo. Njeru aliona ninachofanya.

"Usisimame hapa, Mwalimu," alisema. "Endesha. Daktari anatungoja."

Nikaendesha. Tuliingia kwenye kona, majani chai yakipita upande wa kushoto, mwanga umelala chini ukifuata ukingo. Na pale katikati ya kona niliona gambuti mbili. Gambuti kwanza, kisha suruali iliyokunjwa, kisha mkebe wa maziwa unaoning'inia mkononi. Mtu alikuwa anatembea ukingoni akipeleka maziwa. Nilimwona mapema kiasi kwamba nilipata nafasi ya kukanyaga breki taratibu, kuhamia katikati ya barabara, na kumwachia upana wa kutosha. Naye alikuwa ametuona zamani. Alihamisha mkebe mkono wa pili, akainua ule uliobaki kutusalimia, nami nikapunga. Hakujua lolote. Kwake tulikuwa gari lililopita asubuhi.

Kilomita chache mbele nikataka kumwambia Njeru, lakini alikuwa ameshalala. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, anapumua kama mtu aliye kitandani kwake. Mukami alimtazama, akatazama barabara. Kisha akaachia dashibodi, akavuta blanketi akamfunika mguu, akaniambia bado tuna muda, nisikimbie.